Nyigu Ndani ya Kengele

Msimamizi mpya aliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa kupokelea nguo chafu. Mlango wa mbele ulikuwepo, tena wa kioo, lakini miguu yake haikuujua. Alipokuwa mtoto, mama yake alikuwa akimpitisha hapa kila likizo, anamlaza ndani ya kapu la shuka zilizotoka kwenye pasi zikiwa bado na joto, na kumwambia: lala hapo, na usiguse kitu chochote chenye bomba. Harufu ilikuwa ileile. Sabuni ya mche, maji ya moto, na kwa mbali moshi wa boila.

Mama yake ndiye aliyekuwa mkuu wa kiwanda hiki cha kufulia shuka za mahoteli na hospitali. Watu walimwita Bibi Shuka. Sasa Bibi Shuka amestaafu, na kiti chake amepewa binti yake, ambaye kabla ya hapo alikuwa mpelelezi wa polisi na ameacha kazi hiyo ili apate kulala nyumbani na mama.

Tajiri, mwenye kiwanda, alimngojea ofisini na wala hakumkaribisha kiti. Alimweleza yaliyotokea. Siku ya kumuaga Bibi Shuka, wiki iliyopita, wakati watu wanaimba, mwanamke mmoja wa chumba cha pasi aitwaye Mama Pacha alikuwa chini ya pasi kubwa ya roli, mashine inayonyoosha shuka kwa mvuke, anaibadilishia kitambaa. Mvuke ulikuwa umefungwa, kama inavyotakiwa. Koki ya chini, ya kutolea maji, ilikuwa wazi, nayo kama inavyotakiwa. Kisha mvuke ukafunguliwa kutoka chumba cha boila, ukapita bomba zima, ukatokea kwenye ile koki, ukamuunguza mkono hadi kiwiko. Aliyefungua ni fundi wa boila. Wanamwita Fundi Makaa. Na Fundi Makaa ni mume wake wa zamani, waliachana kwa maneno makali.

"Inspekta anakuja alasiri kumchukua," alisema Tajiri. "Anasema ni kusudi. Kama ni kusudi, aende zake. Kama si kusudi, niambie ni nini. Nimekuchukua kwa sababu una jicho la polisi na mkono wa mama yako."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Hapo ndipo ninapoogopa."

Msimamizi aliuliza kuhusu hao pacha. Tajiri akasema ni wasichana wawili wa shule ya msingi, na baba yao, pamoja na ugomvi wote, hajawahi kuwaacha walale na njaa. Sasa mama mkono umefungwa bendeji, hawezi kazi. Baba akifungwa, hakuna mwingine.

Wako watu wanaopewa usimamizi wakaanza kuamrisha kabla hawajajua kazi yenyewe inafanywaje. Mwisho wake huwa msiba, tena wa mtoto wa mwenzao. Msimamizi huyu hakufanya hivyo. Alimwambia Tajiri kwamba hawezi kujua kazi imekosewa wapi kama hajui inakwendaje, kwa hiyo atapita njia anayopita shuka, kuanzia inapoingia chafu mpaka inapotoka imekunjwa. Hapo ndipo atakapomjibu.

Alianzia mapokezi. Mpokeaji alikuwa mwanamume mwembamba aitwaye Pua, kwa sababu alisifika kwamba hata ukimfunga kitambaa machoni atakuambia shuka hii ni ya wodi na hii ni ya harusi. Alionyesha jinsi anavyotenganisha za hospitali na za hoteli, jinsi anavyokagua mifuko ya mito kabla ya kutia majini, maana watu husahau ndani vitu usivyoweza kuvitaja mbele ya watoto. Alipoona Msimamizi anacheka, akasogea karibu.

Alikuwa na neno. Siku chache kabla ya ajali, alisema, Fundi Makaa alisimama pale mlangoni mbele ya watu wote akamwambia Mama Pacha, kwa sauti, kwamba iko siku ataungua.

"Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo. 'Iko siku utaungua wewe, na mimi sitakuwepo.' Mungu amenipa pua, masikio pia hakuninyima."

Msimamizi alimshukuru, akaendelea. Kwenye mashine za kufulia alipita taratibu, maana sakafu ilikuwa na maji na waya mmoja ulikuwa umefungwa kwa karatasi ya gundi. Aliusogeza mbali na maji kwa mguu wa kiti kikavu, akamwambia mtu wa mashine aite fundi wa umeme leoleo. Hapo zamani pale pale palikuwa na beseni kubwa la rangi ya samawati, na mama yake alimwogeshea humo siku za joto. Beseni halikuwepo. Doa lake la duara lilikuwa bado liko sakafuni.

Mlango wa chumba cha pasi ulikuwa umezuiwa nusu na kamba ya nguo. Kwenye kamba yalining'inia magauni ya kijani ya madaktari wa upasuaji, marefu, mikono imeshuka. Hayo hayapiti kwenye roli kwa sababu ya kamba zake za kufungia, kwa hiyo hukaushwa hapo mlangoni, penye upepo. Aliyapangua kwa mkono akaingia.

Roli ilikuwa imelala katikati ya chumba kama mnyama aliyeshiba. Haikuwashwa tangu siku ile. Shuka zilikuwa zimerundikana mpaka madirishani, na wanawake wa pasi wamekaa juu yake hawana la kufanya. Mkubwa wao alikuwa mkunjaji, mama wa makamo mwenye vidole virefu. Jina lake lilikuwa limesahaulika hata na yeye mwenyewe, watu walimwita Shangazi Mikunjo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mara ya mwisho nilikuona umo ndani ya kapu, umejikojolea kwenye shuka za hoteli. Tukazifua upya. Mama yako hakumwambia mtu, na sisi hatukumwambia mtu."

Wote walicheka, na Msimamizi naye. Kisha akawaomba wamweleze mvuke huagizwaje. Chumba cha boila kiko nyuma ya ukuta, hakina dirisha la huku. Mtu wa boila haoni roli, na mtu wa roli haoni boila. Sasa fundi anajuaje wakati wa kufungua na wakati wa kufunga?

Kicheko kiliisha. Mmoja alisema kwa kengele. Wa pili akasema ndiyo, kwa kengele. Wa tatu akaonyesha kitufe cheupe kilichokuwa ukutani karibu na roli. Walijibu upesi mno, kama watoto waliofundishwa jibu kabla ya mkaguzi wa shule kufika.

Msimamizi alikibonyeza kitufe. Alisikiliza, hakusikia mlio. Alibonyeza tena.

"Umeme upo?" aliwauliza.

Aliangalia juu. Taa zilikuwa zinawaka.

Alizunguka mpaka chumba cha boila. Boila ilikuwa baridi, Inspekta aliamuru izimwe. Fundi Makaa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono imelala magotini, karibu na gurudumu la chuma la kufungulia mvuke. Alikuwa mtu mkubwa, uso umekauka kwa miaka ya moto. Alisimama kumsalimia, akamuuliza mama hajambo, akakaa tena.

Kengele ilikuwa juu ukutani. Msimamizi alivuta ngazi, akapanda, akafungua kifuniko. Ndani palikuwa pamejaa udongo mkavu. Nyigu walikuwa wamejenga humo, nyumba juu ya nyumba, wakazaa, wakahama, wakaja wengine wakajenga juu ya ile ya wenzao. Nyundo ndogo ya kengele haikuonekana kabisa.

"Fundi, kengele hii ililia lini mara ya mwisho?"

"Sijui."

"Nyigu hawa wana wajukuu humu."

Hakutabasamu. Alisema yeye hana maneno mengi. Mvuke aliufungua yeye, kwa mkono wake, hakusukumwa na mtu. Msimamizi akamuuliza kama ni kweli alimwambia Mama Pacha kwamba iko siku ataungua. Akakubali. Akamuuliza kwa nini. Akalipangusa gurudumu kwa kiganja.

"Fundi, umefungua kwa sababu gani? Ulikuwa umefunga. Mtu hafungui bila kuitwa."

"Niandike hivyo nilivyosema, binti yangu. Usinichimbe."

Aliposhuka kwenye ngazi, Msimamizi alikuwa na jambo moja mkononi: wote aliowauliza wamemdanganya kuhusu kengele, pamoja na yule ambaye uongo huo unampeleka jela. Amewahi kuona watu wakidanganya kujiokoa. Wanaodanganya kwa kuangamiza nafsi zao ni wachache, na hao huwa wanamkinga mtu.

Alikwenda kwa Mama Pacha, aliyekuwa kwa dada yake, mitaa ya nyuma ya kiwanda. Alimkuta kitandani, mkono umefungwa toka vidoleni hadi juu ya kiwiko, uso umechoka. Kwenye msumari wa mlango ilining'inia aproni ya kijani. Dada yake akaeleza kwamba wenzake wote huvaa nyeupe, ila huyu aliishona mwenyewe kutokana na gauni kuukuu la hospitali, kwa vile nyeupe, anasema, inamfanya aonekane kama mfuko wa unga.

Kuhusu yale maneno ya mlangoni alicheka mpaka akashika mkono kwa maumivu. Alisema Fundi Makaa alikuwa anamgombeza kuhusu mikono ya gauni lake. Alikuwa amevaa mipana, ya mtindo, anapita nayo karibu na roli inayozunguka. Fundi akamwambia aikunje, akakataa kwa sababu aliyesema ni yeye.

"Angekuwa mwingine ningekunja," alisema. "Yule aliniacha, lakini hakuwahi kunitakia mabaya. Ni mtu wa kelele tu, kama debe."

"Basi nisaidie asifungwe. Ulikuwa chini ya roli. Ulisikia nini kabla ya mvuke?"

Mama Pacha alitazama ukuta. Alisema alisikia nyimbo na makofi. Baada ya hapo, moto. Msimamizi akamuuliza kama hakusikia kitu kingine katikati. Naye Mama Pacha aliuliza, taratibu sana, kama Bibi hajambo, kama anakula vizuri, na kama kuna mtu yeyote aliyekwenda kumsumbua kwa maneno.

Msimamizi alirudi kiwandani kwa miguu. Aliingia chumba cha pasi, akalifuata bomba la mvuke kutoka ukutani mpaka kwenye roli, akilitazama kama mtu anayetafuta sindano. Lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu. Rangi ilikuwa nzima urefu wote, isipokuwa sehemu moja karibu na ukuta, kwenye kimo cha kiuno cha mtu mzima. Hapo chuma kilikuwa uchi, kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Juu yake kulikuwa na msumari mtupu. Ukuta chini ya msumari ulikuwa umebaki na alama safi ya kitu kilichoning'inia hapo miaka mingi: mpini mrefu na tumbo la duara.

"Hapa kulikuwa na nini, Shangazi?"

"Upawa wa sabuni."

"Uko wapi?"

"Umekwenda," alisema Shangazi Mikunjo, akaanza kukunja shuka ambayo ilikuwa imekwisha kukunjwa.

Msimamizi aliwaomba wote wasogee upande wa madirisha. Alipiga magoti, akatazama chini ya roli, akapapasa kwa fimbo kuhakikisha hakuna mtu. Aliifunga koki. Alikwenda mwenyewe kugusa boila, akaona imepoa kabisa. Hakumwambia Fundi Makaa kitu. Aliporudi alichukua funguo za ofisi, akagonga mara mbili pale penye chuma uchi.

Kong. Kong.

Mlio ule ulimpata kwenye mgongo. Alikuwa ameusikia akiwa kapuni, utoto wake wote, na siku zote alidhani ni mlio wa chai kuwa tayari, kwa sababu baada ya hapo chumba kilijaa joto na mama alikuwa akicheka.

Nyuma ya ukuta, gurudumu la chuma lililia likizungushwa. Kwiii, kwiii. Kisha likasimama ghafla.

Fundi Makaa alitokea mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umekunjika, kama unaoshika kitu. Alikuwa ameufungua mvuke ambao haupo, kwa sababu amegongewa. Mdomo unaweza kufungwa, lakini mkono uliofanya kazi moja miaka yote hiyo hauna siri.

"Kengele ilikufa," alisema Msimamizi, "na Bibi Shuka akatafuta njia. Kugonga mara mbili, fungua. Si ndiyo?"

Fundi Makaa aliuficha mkono wake nyuma.

"Njia nzuri. Haikumdhuru mtu miaka yote, kwa sababu anayegonga huangalia kwanza. Siku ile kuna mtu aligonga. Fundi alifanya alichoambiwa. Ni nani?"

Aliwauliza mmoja mmoja. Kila mmoja alijibu kwamba hajui, kwamba palikuwa na kelele, kwamba yeye alikuwa anapiga makofi. Alipofika kwa Shangazi Mikunjo, mama yule aliweka shuka chini.

"Mwanangu, mbona unatafuta wakati ulikwisha pata? Sote tulikuwa tunapiga makofi. Sote. Hebu hesabu mikono."

Msimamizi alisimama. Kama wote walikuwa wanapiga makofi, na Mama Pacha yuko chini ya roli, na Fundi yuko nyuma ya ukuta, amebaki mtu mmoja tu ambaye mikono yake haikuwa na kazi hiyo. Ni yule aliyekuwa anapigiwa.

Mkunjaji akamwambia kwamba hakuna aliyejua Mama Pacha yuko chini ya roli, na kuficha hawakupanga. Mama Pacha alipopiga yowe, walimtoa Bibi nje haraka, wakamwambia mtu amemwagikiwa chai. Fundi Makaa alikuja mbio, akaona, akaelewa, akasema kwa kifupi: Bibi asijue. Tangu hapo ikawa hivyo. Wengi wao walifundishwa kazi na Bibi. Wengine aliwazalisha kwa mikono yake.

"Na pacha je?" aliuliza Msimamizi.

Ndiyo shida ya kufichiana kwa mapenzi. Watu huficha kwa moyo safi kabisa, na bili anakuja kulipa mtoto ambaye hakuwepo.

Saa za Inspekta zilikuwa zinakaribia. Msimamizi alikwenda nyumbani.

Bibi Shuka alikuwa amekaa karibu na dirisha. Alimtambua kwa hatua kabla hajamtazama, akasema karibu bosi, akainuka kumtilia chai. Alimimina polepole, ncha ya kidole ikiwa ndani ya kikombe, na chai ilipomgusa kidole akaacha. Amekuwa akifanya hivyo tangu mvua za mwaka jana. Binti yake alikuwa akimwona kila siku, na kila siku alimwambia twende kwa daktari wa macho, na kila siku waliahirisha.

Juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na upawa wa sabuni wenye utepe mwekundu shingoni. Zawadi ya wenzake.

Msimamizi alikuwa amewahi kuwahoji wezi na wauaji, lakini hakuwahi kuzungusha kikombe muda mrefu hivyo kabla ya swali la kwanza. Alimwomba mama amsimulie ile siku ya kuagwa, kwa vile yeye alikuwa kazini hakuiona.

Mama alifurahi. Alisimulia nyimbo walizoimba, za tangu enzi za mkaa, wakati roli inazungushwa kwa mkono na wasichana wanashindana nani ana nguvu. Alisimulia jinsi Pua alivyolia mpaka akaziba ile pua yake maarufu. Alikumbuka wasichana aliowafundisha kukunja shuka ya watu wawili peke yao, na walivyokuwa wakimaliza kazi wanacheza katikati ya marundo, joto limejaa, nguo nyeupe kila upande, unafikiri umo ndani ya wingu. Uso wake ulikuwa mchanga alipokuwa anasema.

"Kisha wakanipa upawa. Wakasema, Bibi, tugongee mara ya mwisho. Nikagonga. Chumba kizima makofi."

"Uliangalia kwanza, mama?"

"Mimi? Nimewafundisha mimi kuangalia. Niliwahesabu wote."

"Mama Pacha alikuwa wapi?"

"Mlangoni, kwenye kijani chake. Amesimama kimya, mikono ameishusha. Nikajisemea, mtu wa kununa huyu, hata leo haimbi."

Msimamizi aliweka kikombe chini.

"Mama, pale mlangoni hutundikwa magauni ya upasuaji."

Mama aligeuza uso kwenye dirisha, kwenye mwanga, kama anayejaribu kuona kitu kilicho mbali sana.

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Chini ya roli."

"Waliniambia ni chai."

"Ndiyo, mama."

"Mkono upi?"

"Wa kulia."

"Ndio anaonyooshea shuka." Alikaa. Kisha akauliza kuhusu Makaa, na binti akamweleza yote: kwamba Inspekta anakuja kumchukua, kwamba hakusema neno, kwamba watu wote hawakusema neno. Akamwambia pia kwamba akitaka, anaweza kubaki nyumbani. Maneno atayapeleka yeye.

"Nipe mtandio wangu," alisema mama. "Na unishike mkono kwenye ngazi. Leo nitakubali kushikwa."

Inspekta alikuwa amekwisha fika. Alikuwa ofisini, pingu mezani, Fundi Makaa kwenye kiti cha mbele yake na Tajiri amesimama dirishani. Alimfahamu Msimamizi tangu alipokuwa polisi, akamwambia kwa utani kwamba harufu ya sabuni imemfaa kuliko harufu ya mahabusu. Alipomwona Bibi Shuka nyuma yake, akasimama kwa heshima na kumsogezea kiti.

Fundi Makaa alielewa mara moja.

"Bibi, rudi nyumbani," alisema. "Mimi nimekwisha maliza."

"Umemaliza nini? Pacha watakula shuka?" Bibi Shuka alikipapasa kiti, akakaa. "Wewe Makaa una moyo, lakini akili uliiacha ndani ya boila. Inspekta, chukua kalamu."

Alisema yote, bila kulia. Kengele ilivyokufa, na yeye alivyoanzisha kugonga badala ya kumsumbua Tajiri mpaka aitengeneze. Watu walivyoizoea njia hiyo mpaka wakaisahau ile ya haki. Hapo Inspekta alimgeukia Tajiri, akamwambia asiondoke, habari za kengele atazieleza yeye. Tajiri alikaa chini kwa mara ya kwanza siku ile.

"Halafu uliona gauni ukadhani ni mtu," alisema Inspekta. "Hiyo ni bahati mbaya, mama. Naandika bahati mbaya."

"Usiandike hivyo. Andika kwamba nilikuwa sioni, na nilikuwa najua kwamba sioni. Nilitaka kuagwa kama mtu mwenye macho mazima."

Inspekta alimtazama Msimamizi, kama anayeuliza kwa jicho kama aandike. Msimamizi aliitikia kwa kichwa. Kalamu ilitembea muda mrefu. Alipomaliza, aliwasomea kwa sauti, neno kwa neno, akazirudisha pingu mfukoni, akaigeuza karatasi na kumsogezea Bibi Shuka atie sahihi.

Bibi Shuka alishika kalamu, akainama, akaipeleka nje ya karatasi, juu ya ubao wa meza. Akaitafuta tena. Binti yake alipiga hatua, lakini Fundi Makaa alikuwa karibu zaidi. Aliinuka kwenye kile kiti cha mshtakiwa, akaushika mkono ule wa kizee kwa mkono wake mkubwa, akauweka pale penye mstari, na akaushikilia hapo mpaka jina likaisha.